Makadirio ya Mji wa Dhahabu

Jumanne, 1 Oktoba 1996
Mvua bado. Nimeanza kazi leo. Cheo changu ni karani wa ujenzi wa kanisa, ingawa hakuna kinachojengwa. Nyuma ya kanisa kuna rundo la mchanga ambalo mbuzi wamelilalia hata limechukua umbo lao. Mchungaji Njoka amesema nitakuwa kwenye majaribio miezi minne, hadi mwisho wa Januari, kisha kamati itaamua. Alisema kwa upole. Nyumbani Kibirichia wanajua nimepata kazi. Sitaki wajue lingine.

Joto la huku Kiambere linatoka juu na chini.

Alhamisi, 3 Oktoba
Ninapanga kwa mjane mmoja, Ciakuthii. Kila mtu anamwita Cucu, yaani bibi, nami pia. Kimeru changu na Kimbeere chake vinapishana njiani, kwa hiyo tunazungumza Kiswahili. Yeye ananiita wa viazi, maana kwetu Kibirichia ndiko viazi hutoka.

"Wewe wa viazi, huku hapana viazi. Utakula mahindi ya muthokoi mpaka ulie."

Juu ya meko yake vimening'inia vibuyu vitatu vilivyokolea moshi: cha uwele, cha kunde na cha ndengu. Ni mbegu, zimechanganywa na jivu. Watu hapa hupanda vumbini kabla ya mvua, lakini msimu uliopita manyunyu ya siku moja yaliwadanganya, zikaota zikafa. Mwaka huu wanangoja ardhi iloe kwanza. Jana chakula kilikuwa kidogo, nikatazama juu bila kufikiri. Akaniona.

"Hiyo si chakula," akasema. "Hata nikufe na njaa, hiyo si chakula."

Jumanne, 8 Oktoba
Mvua bado.

Mchungaji aliniita ofisini.

"Kaberia, ukionyeshwa nyumba kwenye karatasi, unaweza kusema itagharimu kiasi gani?"

"Ndiyo, Mchungaji."

Akafungua Biblia, Ufunuo ishirini na moja, ule mji wa dhahabu safi, misingi ya vito, milango ya lulu. Akaigeuza inielekee.

"Basi nikadirie huu."

Nilidhani anatania, lakini uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala vizuri kwa wiki. Akaeleza. Ireri, mwenye duka kubwa na mwenyekiti wa kamati yetu, alisema dukani mbele ya watu kwamba hata mbinguni wa kukaa mbele watakuwa wale wale wanaokaa mbele hapa. Watu wakacheka. Wengine hawakucheka, waliamini.

"Nataka asikie bei," Mchungaji akasema. "Wote wasikie, wajue hakuna wa kuufikia kwa mfuko wake. Halafu nihubiri neema. Umenielewa?"

Nilisema nimeelewa. Nilichoelewa ni kwamba mtu aliye kwenye majaribio hakatai.

Jumatano, 9 Oktoba
Sikuanza. Mfalme Daudi alihesabu watu wake tu, Mungu akaleta tauni.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimeanza. Upande mmoja wa mji ni stadio elfu kumi na mbili. Stadio moja nimeichukua kuwa mita mia moja themanini na tano. Ukianzia hapa ukaenda kaskazini utaimaliza Ethiopia yote kabla ya kufika kona ya pili. Kimo nacho ni hicho hicho. Ngazi sijazigusa.

Barabara nimekadiria moja tu, upana mita sita kama hii ya changarawe ya murram iendayo kwenye bwawa la umeme, unene inchi sita. Niliona aibu kuandika inchi sita. Dhahabu haihitaji kushindiliwa. Lakini sikujua niandike nini kingine.

Cucu aliniuliza ninachora nini. Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akatia kuni.

"Hiyo mji iko na choo?"

Nilipekua sura yote. Haijatajwa.

Jumanne, 15 Oktoba
Embu mjini, kwa nauli ya Mchungaji, kuuliza bei ya dhahabu. Sonara alikuwa mzee Mhindi mwenye miwani juu ya paji la uso.

"Pete ya ndoa?"

"Hapana, mzee. Barabara."

Alishusha miwani. Nilimweleza. Hakucheka. Alinipa bei ya gramu moja ya siku hiyo. Nilipomuuliza lulu ya ukubwa wa lango ni kiasi gani, alisema, "Kijana, hiyo hakuna wa kuuza. Acha nafasi tu."

Nimeacha nafasi.

Alhamisi, 17 Oktoba
Mvua bado. Nimekabidhi. Barabara ile moja peke yake ni shilingi trilioni elfu ishirini na sita na zaidi. Mchungaji alipitia kila mstari kwa kidole, na chini kabisa kidole kikasimama.

"Dharura, asilimia kumi. Dharura gani mbinguni?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, Mchungaji."

Ni mara ya kwanza kumwona akicheka. Nikaenda kulala nikiwa na amani kidogo.

Jumapili, 20 Oktoba
Ninaandika haya mkono ukiwa mzito.

Leo ilikuwa pia sikukuu ya Kenyatta, kwa hiyo kanisa lilijaa hadi nje. Mchungaji alisoma sura, akaniita mbele nisome makadirio. Nilisoma nikitazama karatasi tu: ukuta, misingi kumi na miwili, kila kito kwa jina lake, barabara, ufundi, usafirishaji, dharura. Niliposoma jumla, bila milango, mwanamke mmoja alitoa sauti ya "uui" na watoto wakamwiga. Mchungaji akasimama aanze kuhubiri neema.

Hakuwahi. Nyuma, mtu alianza wimbo. Si wa ibada, ule wa harambee, wenye makofi. Nilikuwa bado sijaelewa. Sasa naelewa vizuri. Katika maisha yao yote, hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele akawasomea gharama ya jengo kisha akaketi bila kuomba mchango. Darasa, zahanati, josho la ng'ombe, husomwa hivyo hivyo: vifaa, ufundi, jumla. Baada ya jumla, watu hutoa. Ukubwa wa jumla hauna maana. Hakuna harambee iliyowahi kufikisha jumla.

Mama Nelius wa kikundi cha akina mama aliweka shilingi ishirini mezani. Mwingine akafuata. Cucu alitoka, nikadhani amechoka, kwani nyumba yake iko karibu. Akarudi na jogoo kwapani. Jogoo akanadiwa, kama kawaida. Ireri akapandisha, mwalimu mmoja akapandisha, Ireri akamaliza kwa elfu moja na mia tano, akamrudishia kanisa, watu wakapiga vigelegele. Ireri alinitazama akitabasamu, kana kwamba mimi na yeye tulipanga.

Nilimtazama Mchungaji asimamishe. Alikuwa ameinua mkono nusu. Ukabaki hapo hapo, nusu.

Pesa taslimu ziliisha upesi, maana mwaka huu hakuna mwenye nazo. Hapo Cucu alitoka tena. Aliporudi nilijua kabla hajafika. Alikuwa na vibuyu vyote vitatu. Aliviweka chini ya mimbari akageukia watu, akasema kwa Kimbeere, na jirani yangu akanitafsiria: "Mungu akiwa na mbegu zetu mkononi, ataleta mvua yake."

Basi wakatoka wote. Walirudi mmoja mmoja, kila mwanamke na vyake, hadi mimbari ikazungukwa na vibuyu.

Jumatatu, 21 Oktoba
Nimevihamishia vyote stoo ya saruji. Kila mwanamke alikuja kuonyesha vyake vilipowekwa, na vilipokuwa karibu na ukuta wenye mchwa aliniambia nivisogeze. Hakuna aliyeomba kurudishiwa. Hapa kilichotolewa kanisani hakirudi, na hata kukitazama sana ni aibu. Ufunguo ninao mimi. Jogoo amefungwa kwenye nguzo ya kengele.

Cucu alipika uji mwepesi. Juu ya meko zimebaki kamba tatu.

"Na mvua ikija, Cucu?"

"Ikija, itakuja na njia yake."

Alhamisi, 24 Oktoba
Mvua bado.

Jumapili, 27 Oktoba
Mvua bado. Jogoo aliwika mara mbili wakati wa sala ya toba.

Jumanne, 29 Oktoba
Kamati imekutana. Kwa kuwa watu wametoa, lazima kitu kijengwe. Wameamua kanisa jipya lenye milango kumi na miwili, kama mji ule. Nimeambiwa nichore. Nikauliza mimbari ikae wapi, maana kila upande ni mlango. Ireri akasema nisiwe mwoga, hilo ni jambo dogo. Dhahabu itakuwa rangi ya mikebe. Ukuta wa yaspi, kile kito, utakuwa vioo vya kijani. Mchungaji alikuwa akitazama paa letu la mabati yaliyotoboka.

Jumatatu, 4 Novemba
Mvua bado. Kamati tena. Ireri amependekeza kanisa limuuzie mbegu zote, lipate pesa ya saruji. Bei aliyotaja ni ya chakula, si ya mbegu. Mzee mmoja alikohoa. Hoja ikapita. Niliandika muhtasari kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mwandiko mzuri. Atalipa na kuchukua Jumatano ya wiki ijayo.

Mvua ikinyesha, Cucu atanunua kwa Ireri kibuyu chake mwenyewe. Kwa pesa gani?

Nilitaka kumwambia Mchungaji. Nilifika hadi mlangoni pake, nikasikia anakohoa, nikarudi.

Alhamisi, 7 Novemba
Mchungaji ameenda Embu kwenye mkutano wa wachungaji, atarudi Jumatatu. Mawingu upande wa bwawa. Wanawake wote leo wametembea wakitazama juu.

Jumapili, 10 Novemba
Mvua. Ilianza tukiwa kwenye wimbo wa mwisho. Watu waliimba huku wanalia. Cucu alisimama nje, akaloa, akacheka kama msichana. Nami nilicheka, hadi nilipokumbuka stoo.

Jumatatu, 11 Novemba
Mvua usiku kucha, na asubuhi ardhi imefunguka. Ukichimba, unyevu umeshuka zaidi ya kiganja. Hii ndiyo siku waliyoingoja. Wanasema hapa mvua ya kwanza ndiyo hulisha. Atakayechelewa siku chache huvuna majani.

Mto umejaa, hakuna gari linalovuka. Mchungaji hatafika leo.

Nilipofika kanisani nilikuta wanawake wamesimama mbele ya stoo. Hawakuja kuomba, maana kilichotolewa kanisani hakiombwi. Walisimama tu, na majembe mabegani, wakiloa, kama watu waliokuja kutazama jamaa hospitalini. Cucu alikuwa wa mwisho, anatazama chini.

Kisha ikaja pikapu ya Ireri na magunia matupu.

"Karani, habari ya mvua? Nipe ufunguo."

"Tulisema Jumatano, Bwana Ireri."

"Jumatano itakuwa tope mpaka magoti. Fungua nipakie, hawa mama nitawagawia hapa hapa."

"Utawagawia?"

"Nitawakopesha. Watalipa wakivuna, kwa kila mkebe wa gorogoro, mikebe mitatu. Unaniangalia hivyo kwa nini? Mwaka wa njaa ile nyingine nani aliwapa unga? Wewe wa viazi?"

Ni kweli, alikuwa yeye. Na wanawake walikuwa wakimsikiliza kwa matumaini. Hilo ndilo lililonichoma. Kamati ilikubali, muhtasari niliandika mimi, na huyu ndiye atakayeamua kama ninabaki. Niliutoa ufunguo mfukoni. Niliusogeza kwenye kitasa.

Nilijisikia nikisema, "Bado hujalipa."

"Nini?"

"Hujalipa, Bwana Ireri. Mpaka ulipe, mbegu bado ni za kanisa."

"Nitalipa Jumatano, wewe!"

"Basi leo ni za kanisa."

Nikafungua. Lakini hakuna mwanamke aliyesogea. Nikasema wachukue. Hawakusogea. Mama Nelius akasema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, "Mwanangu, hiyo tulipatia Mungu. Tunaipokonyaje?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Mvua inanyesha, mlango uko wazi, Ireri anacheka kidogo kwa pua. Sijui neno lilitoka wapi.

"Hampokonyi. Kanisa linawakopesha. Kibuyu kwa kibuyu, mkivuna mnarudisha kama kilivyokuwa. Hakuna nyongeza."

"Nani amesema?" Ireri akauliza.

"Ofisi," nikasema. Ofisi ni mimi, na meza.

Cucu alikuja wa kwanza. Hakutafuta, alikwenda moja kwa moja penye vibuyu vyake, akavitikisa sikioni kimoja kimoja. Kisha wakaja wote. Kabla mvua haijapumzika stoo ilikuwa tupu, na bonde zima lilikuwa na migongo iliyoinama.

Ireri alibaki ndani ya pikapu, mlango wazi. "Umejichimbia kaburi, kijana," akasema. Hakusema kwa hasira. Alionekana amechoka kama mimi.

Jumanne, 12 Novemba
Mvua. Sikula.

Jumamosi, 16 Novemba
Mchungaji amerudi kwa miguu, suruali imelowa hadi magotini. Alikuwa amekwisha kusikia. Akaomba ufunguo, akatazama ndani ya stoo tupu kwa muda mrefu.

"Umetoa kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuwa na ruhusa, Mchungaji."

"Vyote?"

"Vyote. Isipokuwa jogoo. Cucu alimkataa, anasema huyo ni wa Mungu kabisa."

Akaketi juu ya rundo la mchanga, pale mbuzi wanapolala. Nilingoja anifukuze.

"Mji ule unashuka umekwisha kujengwa," akasema. "Imeandikwa mwanzo wa sura ile ile. Hautaki saruji ya mtu. Hilo ndilo nililosimama kusema Jumapili ile. Nikaona wanavyokuja, nikafikiri, angalau nitapata paa." Akafuta uso. "Kwenye kamati nitakutetea."

Nilikuwa nikimwogopa tangu Oktoba. Leo niliona tu mtu mzima mwenye viatu vilivyojaa maji.

Jumapili, 24 Novemba
Mashamba ya kijani. Mvua kidogo.

Jumatatu, 9 Desemba
Mvua imekatika mapema. Waliopanda siku ile, mimea imefika magotini. Upande wa ng'ambo, waliochelewa kidogo kwa sababu ya mto, imenyauka.

Jumatano, 25 Desemba
Krismasi. Cucu alichinja sungura. Nilipata paja.

Ijumaa, 10 Januari 1997
Jua. Cucu anafukuza ndege kwenye uwele tangu alfajiri. Sauti yake imekauka.

Jumanne, 21 Januari
Ndengu zimevunwa. Nilimsaidia kupura na kupepeta. Zimetoka debe moja na nusu, si zaidi. Anasema zitamfikisha hadi mvua ya Machi, akila mara moja kwa siku. Kabla ya kupima chochote cha kula alijaza kibuyu cha ndengu, akakitia jivu, akakifunga; vya kunde na uwele vitafuata.

"Twende kanisani."

"Cucu, acha. Ule mkopo niliutunga mimi. Hakuna aliyeuidhinisha."

"Ulisema kibuyu kwa kibuyu."

"Nilisema ili mchukue."

"Na tulichukua," akasema, akatangulia.

Wengine walikuwa wamekwisha kufika. Stoo imeanza kujaa tena, na kila mmoja ameonyesha chake kiwekwe wapi.

Jumatatu, 27 Januari
Kamati. Nilingoja nje. Ukuta ni mwembamba. Ireri alizungumza kwa kifupi, alisema mimi ni mwaminifu lakini kanisa haliwezi kuwa na karani anayejipa mamlaka. Sikumchukia. Kisha nilingoja sauti ya Mchungaji. Nilisikia kiti kikilia. Nilisikia jogoo. Sauti yake sikuisikia.

Hawatanithibitisha.

Alhamisi, 30 Januari
Nimekabidhi ufunguo kwa Mchungaji. Ameufunga kwa uzi, ameuvaa shingoni ndani ya shati.

"Nilishindwa, Kaberia," akasema.

"Ireri ameulizia vibuyu mara mbili, Mchungaji. Machi mvua ikianza utafungua?"

Aligusa shati mahali ufunguo ulipo.

Ijumaa, 31 Januari
Ninaondoka leo. Nimemwachia Cucu sufuria yangu na blanketi, kwetu kuna mengine. Hakulia. Aliniuliza kama ule mji niliukamilisha. Nikamwambia bado, milango haikupata bei.

"Basi usiharakishe," akasema.

Halafu akaingia ndani, akatoka na kikombe cha ndengu zenye jivu, akanifungia kwenye kitambaa. Nilitazama meko. Hakuwa na kibuyu kingine, amepunguza zake za kula.

"Ni za kupanda, si za kupika. Wapande huko kwenu, wa viazi."

Nimeziweka kwenye mfuko wa ndani wa koti. Kibirichia ni baridi, ndengu haiwezi kutoa hata ua. Sikumwambia. Nimeshukuru kwa mikono miwili.